Transfoma ya Tasbihi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, sauti ya baba yangu ilipokatika katikati ya aya. Hakukohoa wala hakuanguka. Alikuwa ameketi mkekani chuoni, kile chumba cha nyuma ya msikiti hapo mjini Nairobi, watoto wamemzunguka na juzuu zao, anawasomesha Yasini kama alivyowasomesha miaka nenda miaka rudi, mara sauti ikaondoka. Midomo ikaendelea kusoma. Watoto wakadhani anawajaribu, wakawa wanamtazama mdomo.

Wewe hukumjua Maalim Omari, mwanangu, na wengi waliomjua wameshatangulia. Alitoka Lamu akiwa kijana, akasema anakuja Nairobi kutembea tu, akafundisha Kurani mpaka mvi zikamjaa. Alikuwa na sauti, wewe! Mhindi mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara alikuwa akifunga duka kwa adhana yake ya magharibi. Siku muadhini mwingine aliposhika zamu, Mhindi yule alichelewa kufunga, akagombana na mkewe, kesho yake akaja kulalamika msikitini kana kwamba tumemharibia saa yake.

Haya nakueleza kwa sababu juzi ulinijia na simu yako, ukanionyesha vijana wanaounda amplifaya nyumbani kwa vifaa vya bei rahisi. Ukaniuliza, "Babu, si hii hata sisi tunaeza tengeneza?" Tunaweza. Mimi niliunda yangu kabla mama yako hajazaliwa. Lile sanduku la majani ya chai chini ya kitanda changu, unalolipiga teke kila ukifagia, ndilo hilo. Liliwashwa siku moja tu, halijawashwa tena, na ya siku hiyo ndiyo nataka uyajue kabla hatujaanza kununua waya.

Daktari alimmulika baba kooni, akasema kuna uvimbe na kwamba sauti haitarudi. Alisema na mengine, ambayo mama aliyameza peke yake, nyumbani akatuletea hilo la sauti tu. Baba akabakiwa na mnong'ono, tena mdogo, wa kusikika na mtu aliyemkaribia kabisa.

Sasa, kusoma kwetu kulikuwa kwa sikio. Maalim anatamka, mtoto anamfuata, na akikosea herufi anarudishwa papo hapo. Maalim asiyesikika anafundisha nini? Wazee wa msikiti wakaanza kuteta baada ya sala, kwamba Maalim amechoka, pengine atafutiwe mtu wa kumsaidia. Kila aliyelisikia neno hilo la kumsaidia alijua maana yake. Na chuo ndicho kilichokuwa maisha ya baba. Hakuwa na shamba Lamu la kurudia, hakuwa na duka. Akiondolewa pale mkekani, angebaki mzee mgonjwa anayengoja siku yake, naye alilijua hilo kuliko sisi sote.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana, nimeacha shule, nafanya ufundi wa redio kwa Kalasinga mmoja aliyeitwa Gurdip, mwenye karakana ndogo karibu na River Road. Nilijua kulehemu, nilijua kupima, na nilijiona nimemaliza elimu ya dunia. Nikasema moyoni, baba amepungukiwa sauti, na mimi kazi yangu ni kuongeza sauti. Kuna jambo gani rahisi kuliko hilo? Amplifaya za dukani kule Government Road zilikuwa za wenye mahoteli, hatukuthubutu hata kuziulizia. Basi nitaunda yangu.

Mjomba Kombo, ndugu wa mama, alikuwa mpishi kwa Wazungu huko Kitisuru. Miaka ile Wazungu wengi walikuwa wakifunga virago, na wasichoweza kubeba walikigawa au walikitupa. Mabwana zake walimwachia redio kubwa ya kabati, yenye gramafoni juu, imekufa zamani. "Ichukue, mpwa wangu," aliniambia, "hapa imebaki kufugia kuku." Niliifungua palepale uani kwake, nikatoa spika na transfoma, nikarudi mjini kwa miguu nimevitia kwenye kikapu cha mama cha sokoni, mabega yananitoka.

Vingine nilivipata kimoja kimoja. Transista mbili nene Gurdip alizing'oa kwenye redio ya gari lililogongwa, akanipa. Kidude cha kusemea kilitoka kwenye simu mbovu. Bati la kufungia vifaa nililikata kutoka debe la samli. Na kwa kuwa transista zile zikifanya kazi hupata moto, zilihitaji kipande kipana cha aluminiamu cha kuzipoza, nami kipande hicho nilikiona jikoni kwetu, ni mfuniko wa sufuria kubwa ya pilau. Mama alipokuja kuutafuta nilikuwa nimeshautoboa.

"Athmani, mfuniko wangu uko wapi?"

"Umekwenda kwenye sauti ya baba, Mama."

Kuanzia siku ile pilau yetu ilifunikwa kwa sinia.

Kazi iliyonitoa jasho ni transfoma. Ile ya Wazungu ilitoa umeme mkali mno kwa transista, ikabidi niuvue waya wake wa juu na kuzungushia mwingine, kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, bila kupotewa na hesabu. Ukipotewa unaanza upya. Nami nilipotewa kila alipopita mtu na salamu zake, na kwetu sisi watu wa pwani, unajua, salamu haziishi. Ndipo mama akaja akaketi kando yangu na tasbihi yake.

"Wewe zungusha, babangu," akasema. "Mimi nitahesabu."

Nikizungusha mara moja, anasogeza punje moja na kusema Subhanallah. Tasbihi ikizunguka yote, anapiga fundo kwenye pindo la leso yake, tunaendelea. Jumapili, karakana ikiwa imefungwa, tulishinda hivyo mpaka vidole vyangu vikaota malengelenge. Sijui mafundi wa Ulaya huzungusha transfoma zao kwa hesabu gani. Yangu mimi, kila mzunguko una zikri ya mama yangu, na zikri zote zile zilikuwa na ombi moja ndani yake, mumewe asikike tena. Ukitaka kujua kama wazazi wangu walipendana, usiniulize. Nenda ukaifungue ile transfoma.

Na baba je? Baba alikuwa mle mle chumbani, kwenye mkeka wake karibu na dirisha. Kuniita hakuweza, kwa hiyo aligonga sakafu kwa pete yake. Ko, ko. Nikiinua macho ananiashiria kwa vidole, njoo. Nami namjibu, "Subiri kidogo, Baba, nikiacha sasa risasi itapoa." Unajua risasi ya kulehemu, ikishayeyuka lazima uiwahi. Kesho yake tena, ko, ko. "Nakuja, Baba, namalizia hapa." Nilidhani anataka kujua naunda nini, na mimi nilitaka jambo lenyewe limjie ghafla, afurahi. Alikuwa akigonga, anangoja, kisha anageukia dirisha. Mgongo wake ule dirishani nikiukumbuka, mwanangu, moyo unaniuma mpaka leo, na usidhani uzee unapunguza.

Gurdip ndiye aliyenikagulia kazi. Alikuwa mtu mkali, ndevu amezibana kwa wavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana. Nilipompelekea vifaa nilivyokwisha kuvilehemu alivigeuza huku na huku, akavipulizia vumbi, kisha akacheka, na Gurdip hakuwa mtu wa kucheka.

"Hii kazi mzuri. Mikono yako naanza kuwa na akili."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikavimba kichwa.

"Na Maalim mwenyewe nasema nini?" akaniuliza.

"Hajui ni ya nini, Fundi. Nataka aione siku yenyewe."

Akaviweka chini. "Kijana, sikia mimi. Amplifaya hapana daktari. Yeye nachukua ile wewe nampa, nafanya kubwa, basi. Wewe nampa nzuri, natoka nzuri kubwa. Wewe nampa gonjwa, natoka gonjwa kubwa. Kwanza enda uliza mzee."

Nikamwitikia, "Ndiyo, Fundi," huku nafunga vitu vyangu kwenye gazeti. Sikuuliza mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Laiti lingevunjika langu.

Nikachagua Jumatano baada ya alasiri, wakati watoto wote wapo chuoni. Na kwa kile kichwa changu kilichovimba, nikawaalika na wazee wa msikiti, waje wajionee kwamba Maalim Omari hahitaji msaidizi. Wakaja, wakakaa kwenye benchi la ukutani. Mama alisimama mlangoni na wanawake wenzake, amejitanda leso ile ile ya mafundo. Nikachomeka waya kwenye kishikio cha taa, sanduku likavuma kidogo, likatulia.

Baba alipoingia alilitazama sanduku, akauona mfuniko wa sufuria umetokeza kwa nyuma, akaujua, akatabasamu. Akaketi. Nikamshikia kidude cha kusemea mdomoni. Akasita, akanitazama kama mtu mwenye neno, kisha, kwa kunisitiri mimi mwanawe mbele ya watu, akavuta pumzi asome.

Iliyotoka kwanza ni ile pumzi, ikikwaruza, ikajaa chumba kizima. Yakafuata makohozi yakigeuka kooni, ukafuata mluzi mwembamba wa hewa ikitafuta njia kando ya uvimbe, na mbali sana, katikati ya hayo yote, vipande vya Bismillahi. Amplifaya yangu ilifanya kazi bila kosa hata moja. Ugonjwa ambao baba alikuwa ameufunika kwa mnong'ono, asiujue ila mtu wa karibu, ulitoka kwenye sanduku la chai ukaenda mpaka barabarani, wasukuma mikokoteni wakageuza vichwa. Watoto wawili wakacheka, maana watoto hucheka wasichokielewa. Kisha mdogo wao mmoja akaanza kulia, na waliocheka wakalia naye. Mama alijiziba mdomo kwa leso. Wazee waliinama wakatazama mkeka, na mmoja wao akasema polepole, "La ilaha illa Llah," kama inavyosemwa penye maiti.

Baba hakukasirika. Alikichukua kile kidude mkononi mwangu, taratibu, akakilaza mkekani, akanionyesha swichi. Nikazima.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona, na kumbe kila mtoto mle ndani alilizoea. Alimwashiria Salma, binti wa fundi cherehani jirani yetu. Salma akafuta machozi, akaja akaketi mbele yake, goti kwa goti, akamtegea sikio. Baba akamnong'oneza aya. Salma akainua kichwa akaisoma kwa sauti, kila herufi mahali pake, na chuo kizima kikaitikia. Akaja mwingine, goti kwa goti, akaichukua aya ya pili. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisoma majuma yote yale nikiwa nimeinamia kazi yangu. Baba alikuwa ameshapata njia. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikumwuliza yeyote, na aliyetaka kuniambia alikuwa akigonga sakafu kwa pete.

Wazee waliona, wakasema mashaallah. Lakini walikuwa wameshakisikia kile kifua, na ukishasikia huwezi kujifanya hukusikia. Haukupita muda wakaja nyumbani, kwa adabu, na sukari na kahawa mkononi, wakamwomba Maalim apumzike kwa ajili ya afya yake. Waliogopa asije akawafia mkekani mbele ya watoto. Maalim mpya akaletwa kutoka Mombasa. Wangemwona Salma tu, wasilisikie sanduku langu, naamini wangemwachia baba mkeka wake mpaka siku yake ya mwisho. Siwalaumu. Mama naye hakunilaumu, alikaa tu kwenye kizingiti cha jikoni akafungua mafundo ya leso yake, moja moja, kama anayefumua kazi yetu ya Jumapili.

Wazee walipoondoka, baba aligonga sakafu. Safari hii nilikwenda mbio, nikaketi goti kwa goti kama nilivyowaona watoto wakifanya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake mpya. Ilinukia dawa na karafuu. Akaniambia sikioni, akipumzika kila maneno mawili matatu:

"Nilikuwa na sauti za watoto wote wale. Mwenye sauti kubwa husikilizwa kwa mbali, Athmani, mwenye ndogo huendewa. Ulitaka mji mzima unisikie, na wewe mwenyewe hukuja kunisikia."

Nikalia begani kwake, mwanamume mzima. Akanipigapiga mgongo, akaongeza, "Kazi yako nzuri. Mfuniko wa mama yako mrudishie."

Nikaazimia kuketi pale kila jioni. Lakini lililopangwa limepangwa. Uvimbe ukaziba koo, hata ule mnong'ono ukaisha, na baba akafariki kabla ya mvua za masika. Maneno yale ya mfuniko ndiyo ya mwisho aliyonipa.

Siku ya hitima, watu wakiwa wanakula, nilijificha nyuma ya jiko nisionwe na mtu. Salma akanifuata huko. Hakunisalimu. Alikaa mbele yangu, goti kwa goti, akanivuta sikio kwa vidole vya mafuta ya pilau, akaninong'oneza dua ndefu, kwanza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili cha Lamu, ile dua ambayo mzazi humsomea mwanawe anapomkabidhi kwa dunia. Hakukosea hata herufi. Alipomaliza nikamwuliza nani kamfundisha.

"Maalim," akasema. "Zile siku ulikuwa unatengeneza. Alisema kaka Athmani ana kazi, akimaliza nimpe."

Radhi za baba yangu, mwanangu, nilizipata kwa mtoto wa jirani, kwa sababu zilipoletwa kwangu nilikuwa nahofia risasi isipoe.

Basi sikukatazi kuunda. Unda, na mimi nitakushikia taa. Ila ukitaka kumtengenezea mtu kitu, mwendee kwanza umwulize, tena ungoje ajibu, kuuliza si ujinga. Usimletee mgonjwa furaha ya ghafla mbele ya watu. Huenda anajua njia yake, na huenda ana kitu amekisitiri. Upendo wa mikono ni mzuri, nao wa mama yangu ulikuwa wa mikono, lakini usiufanye kuwa sababu ya kutokaa na unayempenda. Na ukisikia mkubwa wako anagonga, hata kama umebakisha waya mmoja, acha. Risasi ikipoa huyeyushwa tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hizi hata mimi sauti inakwaruza, nimekuona unavyokunja uso ukinisikiliza. Usiende kulivuta lile sanduku, na usinitafutie kitu cha kunikuzia sauti. Iweke hiyo simu kando, sogea hapa, lete goti lako na sikio, nikupe dua ya Maalim Omari kama nilivyopewa, ikae kwako. Mola aitie baraka mikono yako. Akujaalie watu wa kukusogelea siku sauti yako itakapopungua. Na mzazi wako akigonga, mwanangu, pete isigonge mara ya pili, ikukute umeshafika.